Mdharau Mwiba: Nasaha kwa Vijana wa Bodaboda

Wajukuu zangu mnaoendesha bodaboda, nyinyi wa Kondele na Dunga, wa Ahero na Katito, wa Kombewa na Bondo, na nyinyi mnaoamka kabla ya jogoo ili mziwahi mashua za omena kule Usenge na Luanda Kotieno, nisikilizeni. Nataka kusema nanyi juu ya tairi. Najua wengi wenu mnaliona jambo dogo, la kumwachia fundi wa kando ya barabara, na ndiyo sababu nimeamua kulisema. Wahenga walituachia neno: mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wenu nyinyi hausubiri hata mguu uvimbe. Unaweza kumwangusha dereva, abiria na mzigo kwa mara moja, mchana kweupe, kwenye barabara mnayoipita kila siku.

Nimeishi na pancha tangu enzi za baiskeli. Kazi hii ya bodaboda ilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, na ilipofika Kisumu ilidumu miaka mingi juu ya baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Tairi ikiisha upepo, mwenye baiskeli alishuka, akamwomba mteja radhi, akaisukuma hadi kwa fundi. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika cc 250, mji ulibadilika mbele ya macho yetu. Vijana wakaacha pedeli, wakashika pikipiki. Mapato yakaongezeka, safari zikawa ndefu, na vijiji ambavyo matatu haziingii vikapata usafiri. Nilifurahi kama mzazi yeyote. Lakini tairi ni ile ile, mpira na tyubu na upepo ndani yake, ila sasa inabeba uzito mkubwa zaidi kwa kasi kubwa zaidi. Hitilafu iliyokuwa ikimchelewesha mtu sasa inaweza kumvunja shingo.

Neno langu ni hili: pancha nyingi hamziokoti njiani, mnatoka nazo nyumbani. Miba ipo barabarani na itaendelea kuwapo. Lakini mwiba unaowatesa ni ule unaokuta mpira umekwisha, upepo umepungua, tyubu imechakaa au mzigo umezidi. Mambo hayo manne hayaletwi na barabara. Yamo mikononi mwako kabla hujawasha injini.

Wala msiseme ni bahati mbaya, maana tyubu yenyewe hutoa ushahidi kwa anayejua kuitazama. Tundu moja dogo upande wa nje, ule unaogusa tairi, ni la mwiba au msumari. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni ya kubanwa: gurudumu limegonga jiwe au ukingo wa shimo wakati upepo ni kidogo, rimu ikashuka, tyubu ikabanwa katikati. Tundu la upande wa ndani, unaotazamana na rimu, ni la ncha ya spoki iliyochomoza kwa sababu utepe wa rimu umeoza au umesogea. Tyubu iliyochanika kwenye shingo ya valvu imevutwa: tairi iliyokosa upepo imeteleza juu ya rimu, ikaikokota tyubu, na valvu ikabaki imenaswa kwenye tundu lake. Mpasuko mrefu, mara nyingi, ni wa tyubu kuukuu au iliyokunjamana ilipokuwa ikiwekwa. Zihesabuni wenyewe. Kati ya hizo tano, moja tu ndiyo ya mwiba. Nne zilizobaki tumezitengeneza sisi.

Kwa hiyo siku fundi anapoitoa tyubu yako, usiende kunywa chai. Simama hapo, tazama tundu liko wapi, umuulize limetoka wapi. Anayezibiwa pancha bila kujua chanzo chake atarudi kwa fundi huyo huyo kabla ya jua kuzama.

Nianze na upepo, maana hapo ndipo wengi mnapokosea. Wengi wenu hupima kwa kuipiga tairi teke au kuibonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakijui tofauti ya 20 na 30. Pikipiki nyingi za kazi, za cc 100 hadi 150, zinataka karibu pauni 25 kwa inchi ya mraba mbele, karibu 28 nyuma ukiwa peke yako, na karibu 32 nyuma ukiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako kina hesabu yake kamili, na hiyo ndiyo ya kufuata. Nunua kipima upepo. Kinaingia mfukoni, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na siku moja ya kukaa bila kazi.

Pima asubuhi, tairi ikiwa baridi. Jua letu na msuguano wa barabara huipasha tairi joto, na upepo ukishika joto kipimo hupanda. Ukipima saa nane mchana, umetoka mbio Ahero, utaona hesabu kubwa kuliko ilivyo. Ukiamini kipimo hicho ukapunguza upepo, kesho utaamka na tairi legevu. Na kile kifuniko kidogo cha valvu mnachokitupa, kirudisheni. Kinazuia vumbi na tope kuingia mahali ambapo chembe moja tu ya mchanga yatosha kuvujisha upepo usiku kucha.

Kuna jambo jipya linalonitia hofu. Baadhi yenu mmeona kwenye simu wenzetu wa Ulaya na Marekani wakishindana na pikipiki za porini, wakipunguza upepo hadi 12 au 15 ili tairi ishike matope na mchanga. Ni kweli, tairi yenye upepo kidogo hutanuka na kushika vizuri. Lakini wale hawana abiria wala gunia. Wanatumia tyubu nene maalumu, na ndani ya rimu kuna kifaa kinachoibana tairi isiteleze. Tena husimama juu ya vikanyagio ili miguu yao imeze mishtuko. Wewe una mama na mtoto nyuma, na kilo nyingi za samaki mbele yako. Ukiiga upepo wao, rimu yako itagonga kila jiwe, na valvu yako itachanika. Kama mchanga wa ufuoni umekushinda kabisa, mshushe abiria, vuka taratibu, kisha umpandishe tena. Ukilazimika kupunguza upepo, uwe na pampu, na ujaze kabla hujarudi kwenye lami. Tairi legevu kwenye lami, kwa kasi, hujikunja ubavuni, hupata moto, na huchanika ghafla.

Itazameni na valvu inavyokaa. Ikiwa imesimama wima, vizuri. Ikiinama upande mmoja, ujue tairi imeanza kuteleza juu ya rimu, na tyubu inavutwa. Toa upepo, irekebishe, ujaze upya. Tena ile nati ya valvu msiikaze kwa nguvu kwenye rimu, maana ikikazwa sana valvu haiwezi kusogea hata kidogo, na tairi ikiteleza itachanika mara moja. Iache karibu na kifuniko chake. Kuinama kwa valvu ni onyo unalopewa bure. Nati iliyokazwa hulificha onyo hilo.

Sasa barabara zetu. Kila upande wa ziwa una hila zake, na mwendeshaji mwenye akili huzijua.

Kwenye tambarare za Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyakach, udongo ni mweusi. Ukikauka hupasuka, ukilowa hushika kila kitu. Pale ndipo ilipo migunga yenye miba mirefu, myeupe, migumu. Watu huikata kuzungushia maboma na mashamba, na matawi hudondoka njiani. Tope jeusi huufunika mwiba usiuone, kisha huushikilia kwenye tairi hadi uzame. Mwiba wa mgunga una tabia mbaya: ncha yake hukatika ndani ya mpira na kubaki humo. Leo haufiki kwenye tyubu. Kesho, kila mzunguko wa gurudumu unausukuma ndani kidogo. Keshokutwa umefika, na wewe unadhani umeupata pale uliposimama. Ndiyo maana nawaambia, ukiegesha jioni, osha tope, zungusha gurudumu pole pole, pitisha macho kwenye meno ya tairi, na kwa koleo ndogo ng'oa kila kilichochoma. Kazi hiyo haichukui muda wa kuvuta sigara, na sigara sitaki mvute.

Upande wa Seme, karibu na Kit Mikayi, na kuingia Asembo, kuna mawe ya matale yaliyovunjika, yenye kingo kali. Huko adui si mwiba bali ni jiwe linalobana tyubu. Hali ni hiyo hiyo kwenye vilima vya Gwassi, kutoka Sindo kwenda Nyandiwa. Penye mawe upepo uwe kamili na mwendo uwe mdogo. Usilivamie jiwe ukiwa umekaza breki, maana breki ya mbele huulaza uzito mwingi kwenye gurudumu la mbele wakati ule ule linapogonga. Punguza mwendo mapema, achia breki, kisha upite.

Ufuoni kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Kuna ndoana za mbuta zilizotupwa, chupa zilizovunjika, na misumari pale mafundi wanapounda na kukarabati mashua. Msiendeshe hadi kwenye ukingo wa maji kwa kutaka kuwa wa kwanza kupata mzigo. Egesheni mahali pagumu, safi, mwende kwa miguu kuchukua gunia. Na mjini, palipo na ujenzi, jihadharini na misumari ya mabati. Ina kichwa kipana, kwa hiyo huweza kusimama wima barabarani. Mara nyingi gurudumu la mbele huuinua msumari uliolala, na la nyuma huukuta umesimama. Hiyo ni sababu moja inayofanya tairi ya nyuma itoboke zaidi; ya pili ni kwamba ndiyo inayobeba uzito mwingi.

Baada ya mafuriko, ongezeni tahadhari. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fuo na barabara, na Aprili na Mei 2024 maji yalijaa tena Nyando na Nyakach. Maji yakishuka huacha njiani vipande vya mabati, mbao zenye misumari, vioo na matawi ya miba, vyote chini ya tabaka la tope. Barabara uliyoijua jana si ile utakayoipita leo. Mahali pa namna hiyo fuata alama za magari yaliyotangulia, na usipite kwenye dimbwi ambalo huoni chini yake kama kuna njia ya kulizunguka.

Nitawaambia na hili, ingawa litawachoma: baadhi ya miba hiyo mnaidondosha nyinyi wenyewe, mnapobeba kuni za mgunga bila kuzifunga sawasawa. Ukiona tawi la miba njiani, simama ulitupe kando. Aliye nyuma yako ni mwenzako wa steji, au mtoto anayekwenda shule bila viatu.

Sasa mzigo. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja nyuma ya dereva, lakini kila siku naona watatu, na gunia juu ya tangi. Mnadhani sheria hiyo iliwekwa ili polisi wapate sababu ya kuwasimamisha. Tairi nayo ina sheria yake, na hiyo haisamehe. Kila kilo unayoongeza huikandamiza tairi chini, ubavu wake hukunjwa na kukunjuliwa kwa kila mzunguko, joto hupanda, mpira hulegea, na rimu huwa karibu zaidi na jiwe. Abiria wa tatu anakupa nauli ya safari moja, kisha anakuachia tairi iliyozeeka kabla ya wakati. Ukifanya hesabu kwa mwezi mzima, utaona kwamba nauli yake umemrudishia fundi na muuza tairi, na ikibaki, imebaki kidogo sana.

Katika kununua, msidanganywe na bei. Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 3.00-17 au 3.00-18, lazima ifanane na ya tyubu na ya rimu. Tyubu ndogo ikivutwa ijae tairi kubwa, mpira wake huwa mwembamba na hutoboka kwa kitu kidogo. Tyubu kubwa ndani ya tairi ndogo hujikunja, na mkunjo huchanika. Tazama pia namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi iliyokaa juani dukani kwa miaka mingi ina nyufa ndogo hata kama haijatembea. Na ndani ya mifereji ya tairi kuna vijiti vidogo vya mpira. Meno yakiisha hadi kufikia usawa wa vijiti hivyo, tairi imekwisha, hata kama macho yako yanaona bado ina sura. Tairi kipara haina unene wa kuuzuia mwiba, na kwenye tope haikushikilii. Kuweka kipande cha tairi kuukuu ndani ili kufunika tundu ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Kikikaa humo husugua tyubu hadi kuitoboa.

Najua mtaniuliza, pesa itatoka wapi, na mwenye pikipiki anadai chake kila jioni. Ni swali la haki. Wengi wenu mnategemea mizigo ya samaki, na uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Miezi hiyo mzigo hupungua, na ndiyo miezi ambayo mvua za masika huziharibu barabara. Basi msiifikie Aprili mikono mitupu. Kuanzia Januari kila mmoja atenge kidogo kila siku, sarafu tu, kwa ajili ya tairi. Mvua ikianza awe na mpira mpya nyuma. Wanaongoja tairi iwaishie ndani ya tope la Mei hukosa pesa na kazi kwa pamoja.

Pancha ikitokea pamoja na yote hayo, izibwe vizuri. Tangu John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipopata hataza ya tairi ya upepo mwaka 1888, watu walijua itatoboka. Tairi zile za kwanza zilibandikwa kwenye rimu kwa gundi. Kuziziba kulichukua saa nyingi, na gundi ilikesha ikikauka. Mwaka 1891 ndugu wa Michelin wa Ufaransa walileta tairi inayovuliwa, na Charles Terront akaitumia kushinda mbio za baiskeli za kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Tangu hapo kuziba pancha kukawa kazi ya dakika chache. Wepesi huo ni neema, lakini ndio uliotufundisha uzembe: kwa kuwa kuziba ni rahisi, hatujisumbui kuzuia.

Fundi mwema hafanyi haraka. Anapoitoa tyubu, anapitisha kitambaa ndani ya tairi nzima, kisha vidole kwa uangalifu, akitafuta mwiba au waya uliobaki. Asipofanya hivyo, atakuwekea tyubu iliyozibwa juu ya mwiba ule ule. Anasugua kwa msasa, anapaka solusheni, anaiacha ikauke hadi isinate kidoleni, ndipo anabandika kiraka na kukikandamiza. Anautazama utepe wa rimu na ncha za spoki. Anaitia tyubu upepo kidogo kabla ya kuirudisha ili isijikunje, na anairudisha tairi kwa leva zenye ncha butu. Ukimwona anachokoa kwa bisibisi, mzuie kwa heshima, maana bisibisi huibana tyubu na kuitoboa upya. Mwisho aitumbukize valvu kwenye maji kidogo, au ailainishe kwa mate, aone kama inatoa mapovu. Kiraka karibu na valvu hakishiki. Tyubu iliyotoboka hapo, au iliyojaa viraka kila upande, itupwe.

Na ikikupata ukiwa kwenye mwendo, utahisi mambo mawili. Ya nyuma ikiisha, mkia wa pikipiki utayumba. Ya mbele ikiisha, usukani utakuwa mzito na kuvuta upande. Usikamate breki kwa hofu. Shika usukani kwa mikono miwili, nyooka, achia mafuta taratibu, uiache pikipiki ipungue mwendo yenyewe. Ukilazimika kufunga breki, funga ile ya gurudumu lenye upepo, tena polepole. Toka barabarani kabisa. Kisha usiendeshe tena juu ya tairi iliyolala, hata kama fundi yuko karibu. Utaharibu tyubu, tairi na rimu kwa kukwepa kusukuma. Kila mmoja wenu anayepita nje ya mji awe na pampu ndogo, viraka, solusheni, leva mbili na spana ya gurudumu chini ya kiti.

Mpaka hapa nimesema juu ya mpira na upepo, lakini roho yangu iko kwa anayekaa nyuma yako. Kijana, mtu akipanda pikipiki yako hakuulizi tairi ina hali gani. Anakuamini. Usiku wa manane mama mwenye uchungu wa kuzaa hutolewa nyumbani Nyang'ande au Kombewa kwa bodaboda, anapelekwa hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tuliyozoea kuiita Russia. Hana usafiri mwingine. Pancha kwenye safari hiyo inaweza kumuua yeye na mtoto wake. Kama tairi yako si nzuri, usimchukue. Mwite mwenzako mwenye tairi nzuri, na nauli iende kwake. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumpandisha mtu ukijua. Nimekwenda kuwajulia hali vijana wengi waliolazwa na miguu iliyofungwa bandeji, nikawakuta na wake zao na mama zao wamekaa kando ya kitanda. Nimechoka kuwatazama wazazi hao usoni.

Mnaniita Jaduong', yaani mzee, na heshima hiyo inanidai niseme ukweli hadi mwisho. Mtu mmoja akitunza tairi yake peke yake, ni vizuri, lakini haitoshi. Steji zenu zina mwenyekiti, zina daftari, zina michango ya msiba na ya ugonjwa. Mnajua kuchangiana mtu akianguka. Changieni pia asianguke. Kila steji inunue kipima upepo kimoja kizuri na pampu moja ya mguu, vikae kwa mwenyekiti. Asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, pikipiki zote zipimwe, na kila mmoja aonyeshe tairi zake mbele ya wenzake. Ambaye tairi yake ni kipara asikatazwe kazi milele. Akopeshwe kutoka mfuko wa steji, alipe kidogo kidogo, lakini siku ile asibebe mtu.

Anzeni Jumatatu. Msingoje semina wala mfadhili, wala msingoje mwenzenu azikwe ndipo mkutane. Atakayecheka mpango huu mwacheni acheke, lakini msimruhusu aondoke stejini na abiria kabla tairi zake hazijapimwa.